Mbuzi ya Chomba na Koti ya Bulaya

Bel-Air, Lubumbashi, mwezi ya kumi

Michée, mudogo yangu,

Fungua masikio mbele ya kufungua kinywa. Nani alikutuma kupokea mbuzi ya bantu? Nakuuliza weye, mukubwa wa kanisa, muntu ya mvi. Unafunga mbuzi ku nyumba yako juu ya mutoto mwenye haukumuona, haukumuuliza, na nkambo yake, mama ya mama yake, iko muzima anapumua hapa Bel-Air? Hata kuku, mbele ya kuiuza, bantu banaangaliaka kwanza kama iko mu kitundu. Aibu! Na yule mwenye amekuletea hii barua, mupe kiti, mupe maji, usicheke, usiite bantu, usimuulize hata neno moja mpaka ufike ku jina yangu pale chini. Soma yote. Ninakujua, unasomaka mistari tatu, kisha unasema umeelewa.

Sasa jambo yako. Uko muzima? Mugongo inakuachilia? Muke yako na goti yake banapatana? Mumeisha kuchoma mashamba, ao mungali munaangalia mawingu? Huku mvua inakataa, jua inatupika kama bunga mu sufuria ya bukari, umeme inakuya na kwenda kama mugeni mwenye hana haya. Siye tuko, tunapumua. Miguu yangu inavimba lakini ingali inanibeba, Mungu asifiwe.

Hii barua nimeandika mwenyewe, na mukono yangu. Weye bapadri balikufikisha mwaka ya sita. Miye balinitosha, balinitoa mu masomo mwaka ya tatu kusudi nichunge weye na kamasi yako, basi usicheke herufi zangu. Telefone yako haina faida. Inasikia tu kama unapanda juu ya kichuguu, na ukiisha kupanda, unaitumia kumurika njia ya kushuka.

Jambo ni ya Plamedie. Unamujua, ni mutoto ya Joséphine yangu mwenye Mungu alimubeba. Nimemulea tangu alikuwa anaikala mu beseni. Leo anasoma ku chuo kikuu ya Kasapa mambo ya mashamba na udongo, na anasoma kweli, hapana kama bale benye banapigaka foto pa mulango ya université na kurudia. Mwezi ya tano alikuya na habari. Chuo moja ya Ubelgiji inabadilishana banafunzi na ya huku: ya kwao banakuya, ya kwetu banaenda, miezi sita, kisha kila muntu anarudia kwake kumaliza. Banaitaka ile échange. Bamechagua yeye. Kule atajifunza namna ya kuponyesha udongo yenye shaba imeharibu. Unasikia? Bazungu balikuya huku kutosha shaba, sasa mutoto yetu anaenda kwao kuuliza dawa yake.

Sikukuambia. Ninajua njo kitu inakuuma, umesema mbele ya bantu kama Hortense anafichaka damu yake. Lakini kumbuka Adrien, mutoto yangu ya kwanza. Ile safari yake ya Bulaya tuliitangaza mu kanisa, tulipika, tulialika lupango tatu za bajirani, na weye mwenyewe ulicheza mpaka mukaba ya suruali ikakatika. Mbele ile ndeke ya kuruka ipande, bantu ya jicho mubaya bakamuloga, tumbo ikamushika, alilala, karatasi zake zikakufa pale ku kitanda. Leo iko Kolwezi anachimba mawe na hataki kuona sura yangu. Tangu ile siku niliapa: mu nyumba yangu safari haisemwe. Bantu bataiona kwa mugongo, wakati imekwisha kupita. Na ni miye peke? Hapa muji muzima banafanyaka vile. Muntu anaaga anaenda kununua mukate, kisha anapiga telefone iko Bulaya.

Basi tulimutayarisha mu kificho. Mu telefone yake balimutumia mafundisho ya namna ya kufika, kama vile kufika kunafundishwaka. Alikuwa ananisomea, miye ninachambua sombe, majani ya muhogo. Ukishuka ku ndeke fuata alama. Treni haingojeake muntu. Funguo ya chumba hapana funguo, ni kama karata. Takataka unaitia mu mifuko ya rangi mbalimbali, na ukikosa rangi banakutoza. Nilimuuliza ni inchi gani ile yenye takataka iko na heshima kupita bankambo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kitu moja ilinituliza moyo. Kuko binti ya kule, mwanafunzi kama yeye, atamungojea ku stasio ya treni na kartoni mu mikono, jina ya Plamedie imeandikwa juu. Nilisema, kama kuko muntu ya kumungojea, anaweza kwenda.

Koti tuliikuta ku soko ya nguo za kuvaliwa, ya rangi ya majivu, nzito kama mablanketi mbili. Ilikosa bifungo. Nilikata bifungo ya koti ya marehemu bwana yangu, ile ya ndoa, nikazishona moja moja. Na kwa sababu alisema muntu anapaswa kuzoea kutembea nayo, tulikuwa tunashusha mapazia, anavaa koti na bilato ya baridi ku miguu, anazunguka mu salon, jasho inamutiririka kama muntu mwenye malaria. Alipanga viti zikakuwa treni. Miye alinifanya muzungu wa kuangalia tikiti. Nilikuwa nasimama na kijiko ya mbao, namulomba tikiti kwa ukali, na yeye ananionyesha telefone yake na kusema bonjour madame. Michée, mu miaka yangu yote hakuna mwenye alinichezesha vile.

Sasa weye unamujua Mama Olive, ile Munande ya Butembo, anauza maharagi ya jumla, tunaikala naye mu lupango moja, uwanja moja. Muntu muzuri, lakini macho yake hailalake. Siku moja aliona koti ku kamba. Aliuliza kama mu Lubumbashi theluji imeanza kuanguka. Nilimujibu kama Plamedie anaenda kwako Lukafu, na baridi ya juu ya Kundelungu inavunjaka mifupa. Aliuliza atafanya nini Lukafu na masomo ingali. Nilisema masomo imemushinda. Alishika kichwa, akauliza basi ataishi namna gani. Nilisema kuko bwana kule.

Bwongo, kusema yenye haiko kweli, iko kama bukari, Michée. Ukiweka maji mingi, inalomba bunga. Ukiweka bunga mingi, inalomba maji. Nilipika mpaka sufuria ikajaa. Mama Olive alilia na miye. Aliniletea maharagi ya kunifariji, na miye nilipokea, nilikula, nikamurudishia sahani. Kisha aliambia kaka yake Kambale, yule mwenye kuendesha lori ya makala, makaa ya kupikia, ya huko kwenu. Na Kambale, mwenye anabebaka habari kupita makala, akaishusha Lukafu. Njo vile weye ulisikia kama Plamedie ameacha masomo na anatafutiwa bwana.

Ngojea, sijamaliza. Ile biro, ofisi ya échange ku Kasapa, iko na mama moja, Madame Léa. Anapitaka mu nyumba za banafunzi benye bamechaguliwa, anaangalia namna banaishi, anauliza jamaa kama imekubali. Sikujua. Plamedie mwenyewe hakujua siku gani. Siku moja ninatoka ku kanisa, nakuta mwanamuke amevaa muzuri, anasimama mu lupango na Mama Olive. Ananisalimia na heshima, anauliza kama hapa njo kwa Plamedie, mwanafunzi ya Kasapa. Hakusema yeye ni nani. Mama Olive masikio yake imesimama kama ya sungura. Weye ungefanya nini? Nilitosha kifua, nikasema Plamedie hapana tena mwanafunzi, sasa ni muntu ya Lukafu, bameisha kumutolea mahari, asitafutwe hapa. Na Mama Olive akaongeza, maskini, kama bwana iko na mashini ya kusaga. Ile ya mashini alisikia kwa Kambale, miye sikuisema. Madame Léa alituangalia siye wawili, alishukuru, akaenda zake.

Kisha siku tatu balimuita mutoto ku biro, bakamuambia fasi yake ya safari inapewa muntu mwingine, kijana Dieumerci mwenye alikuwa wa pili. Alirudia nyumbani, hakulia. Aliniuliza tu na sauti ya chini nilisema nini, kwa nani. Nilimuambia. Alikaa pale ku viti ya treni, yenye tulikuwa hatujapanga upya.

Unanijua, sishindwake. Nilivaa kikwembe yangu ya kanisa yenye sura ya Mama Maria, nilipanda mpaka Kasapa na hii miguu, niliingia ku biro bila kugonga. Nilisema yote: safari haisemwe, Adrien, Mama Olive, koti. Madame Léa alinisikiliza na uvumilivu, sina neno juu yake. Kisha aliniuliza swali moja. Aliuliza: mama, nilikukuta siku moja na leo unanikuta miye, siku gani kati ya ile mbili ulisema kweli? Michée, miye Hortense, mwenye nilinyamazishaka bapolisi, nilisimama pale kama mbuzi mbele ya mulango mupya.

Alinieleza kama mwaka ingine balituma binti, na kisha jamaa ya bwana ikakuya kupiga meza pale biroyani, inalomba muke yao. Hawawezi tena. Lakini alisema kama mukubwa wa jamaa, yule mwenye desturi inamupa mutoto, anakuya mwenyewe, anasema na kinywa yake kama hakuna ndoa, hakuna mahari, fasi ingali ya Plamedie mpaka lundi yenye inakuya, siku yenye inafuata siku ya Mungu. Kisha ile lundi, anaandika Dieumerci.

Nilirudia na furaha, nikamuambia Mama Olive kweli yote, kusudi na yeye aende kusema. Unajua alinijibu nini? Alinishika mabega na kusema pole, Mama Hortense, kuolewa mugini hapana aibu, usijifiche nyuma ya Bulaya. Nilimuonyesha koti. Alisema ndiyo, ya Kundelungu. Nilimulomba anisindikize ku biro. Alikataa, alisema yeye ni mukristu, hawezi kwenda kusema bwongo mbele ya bantu ya masomo. Nilikaa chini pale pale pa mulango yake. Bwongo yangu bote baliipokea na mikono mbili, na kweli yangu inapita mu lupango inabisha mulango kwa mulango, hakuna mwenye anafungua.

Nilikuwa nafikiri sasa kukuandikia ukuye, juu mukubwa mwenye desturi inamupa mutoto ni weye, hakuna mwingine. Kwetu mutoto ni ya upande ya mama, na mwanaume mukubwa wa ule upande njo anasemaka ndiyo ao hapana. Mbele nipate karatasi, Kambale anaingia na lori, anashuka, anasimama katikati ya lupango na kutangaza ujumbe yako na sauti ya kuuzisha makala: Michée anasalimia, jamaa ya Chomba imeleta mbuzi ya kufungua mudomo, ya kulomba muke, Michée ameipokea na ameifunga, anauliza bibi-arusi anakuya siku gani. Mama Olive alipiga vigelegele. Kuku zilikimbia. Plamedie alikuwa pa bomba anaosha masahani, alisikia kila neno.

Simuchukie yule Chomba. Banasema iko na mashini ya kusaga, hanywe, anaheshimu mama yake. Labda ni muntu muzuri kupita bote benye nilibaonaka. Lakini hakuna mwenye alimulomba. Nilikuwa namuvumbua tu, kipande kwa kipande, juu ya Mama Olive, na nyinyi ya Lukafu mukamupatia miguu na mbuzi!

Ile jioni Plamedie aliniambia maneno yenye sitasahau. Alisema, Nkambo, bantu bote banajua niko Lukafu. Lupango inajua. Biro inajua. Sasa hata mbuzi inajua. Ni miye peke sijafika. Kisha alisema hana tena nguvu ya kusimama ku Kasapa na barafiki yake banamuangalia kama muntu mwenye alibadanganya juu ya Bulaya, na hana nguvu ya kunisikia nikigombana na dunia kila asubui. Alisema udongo iko pia Lukafu.

Nilimutukana. Nililia, lakini usimuambie muntu. Nilikaa juu ya valizi yake ya safari kusudi asifunge. Alinishika mu makwapa, akanibeba kama mutoto, polepole, akanikalisha ku kiti, akarudia kufunga. Alitia bikwembe mbili na kitabu yake moja. Koti aliiacha ku musumari, hakuiangalia hata. Nilimuomba angoje siku moja tu niandike barua ya kukusalimia na kukulomba bunga ya muhogo. Alikubali, juu ni mutoto wa heshima, na hii heshima yake inaniumiza kupita kiburi ya bengine bote.

Basi njo hii barua. Nitaifunga na bukari ya moto pa pembe zote. Mwenye amekupa ni yeye, Michée. Ni yeye iko pale ku kiti yako, anakunywa maji, anaangalia mbuzi. Labda umefurahi kumuona, labda ulikuwa unafikiri Mungu amejibu. Hajui nini imeandikwa humu. Anafikiri ni salamu na bunga. Sikuweza kumuzuiya. Nimezaa, nimezika, nimelea mara mbili, na kesho asubui nitasimama pa barabara nikiangalia lori ya makala inamubeba, mukono yangu moja itakuwa na kitambaa na ingine haina kitu. Na kule Ubelgiji kuko ile binti wa kartoni. Miye kila siku ninamuona anasimama ku stasio, ameandika jina muzuri na herufi kubwa, treni inafika, bantu banashuka, banashuka, banaisha.

Sasa sikia namna utafanya, na usifanye kwa akili yako, fanya kwa yangu.

Mbuzi utairudisha mwenyewe, na mukono yako, mbele ya mukubwa ya kwao na ya Chomba. Mwanamuke hawezi kurudisha kitu yenye mujomba alipokea, kama si vile, ningeshapanda ile lori nikaivuta na masikio yake. Kama mumeikula, utatoa yako, ile ya madoa, na usilie. Chomba umuombe samahani na heshima, umuambie nkambo mwenye kiburi alimuvumbua kabla ya kumujua. Mukipata binti mwenye kupenda mashini ya kusaga, ku ndoa yake nitaleta kikwembe.

Valizi ya mutoto usiache muntu aifungue. Usimupe jembe, hata kama analomba. Hasa kama analomba. Mu ile saki yenye amekuletea pamoja na hii barua kuko chumvi na sabuni juu, na chini, koti. Itoshe, umuvalishe. Najua jua iko kali. Umuvalishe vile vile, na umutembeze mugini muzima, ku kanisa, ku mashini ya Chomba, pa kisima ya bamama. Tangaza! Sema huyu ni mutoto yetu, anaenda Bulaya kusoma udongo, tazama koti. Ndiyo, ni miye Hortense nasema. Nilifunga kinywa ya bote, na ile kufunga imetuuwa kupita bulozi yenye nilikuwa naogopa. Sasa kila muntu ajue. Kama kuko mwenye jicho mubaya, aangalie mpaka achoke.

Lori ya Kambale inalala kwenu siku mbili kupakia makala, kisha inarudia. Mutapanda nayo wawili, mufike mbele ya ile lundi. Weye vaa ile koti yako ya kanisa, unyoe ndevu, na ku biro useme maneno machache: mutoto ni wetu, hakuna ndoa, aende. Usianze kuhubiri. Sijui kama atakubali kupanda. Anaweza kukataa, na hapo miye sina tena mukono ya kufika. Ni weye tu iko mbele yake sasa.

Salimia muke yako, umupakie goti mafuta ya mbono. Salimia bote ya kanisa na batoto ya batoto. Mungu abachunge, na anifungulie kwa siku hizi masikio ya bantu.

Ni miye dada yako mukubwa, mwenye alikubeba ku mugongo,
Hortense

Ungali umeikala? Simama, Michée. Kafungue ile mbuzi.